Ng'ombe Hapiti Mlango wa Mbuzi

Haya wanangu, sogeeni karibu. Mwenye simu aizime kidogo, maana hadithi ya leo inahusu kilichomo tumboni mwa simu hiyo.

Ukitoka Kitengela ukashika barabara ya Namanga, ukapita Isinya, utafika Kajiado mjini, na hapo utaikuta reli. Inatoka Konza, kwenye njia kuu ya Mombasa, inaukatiza mji, kisha inateremka Bonde la Ufa hadi Ziwa Magadi. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na miaka michache baadaye treni zikaanza kupandisha mzigo mweupe kutoka bondeni. Leo kazi hiyo inafanywa na Tata Chemicals Magadi, na mzigo ni uleule.

Ziwa lile halina mto unaotoka. Chemchemi za moto zinaleta maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano, jua la bondeni linayakausha, na kilichoyeyuka ndani yake kinaganda kuwa gamba gumu liitwalo trona. Trona ikichimbwa na kuchomwa, inabaki sodiamu kaboneti, magadi ya kiwandani. Mengi huishia kwenye vioo na sabuni. Lakini humo ndani mna sodiamu, na siku hizi sodiamu inatafutwa kwa kazi nyingine: kuhifadhi umeme.

Betri ya simu yako inatumia lithiamu. Ni nyepesi na ina nguvu, ila dunia haikujaliwa nayo kwa wingi kama sodiamu, iliyojaa baharini na katika maziwa kama hili letu. Mbona basi simu hazitumii sodiamu? Hapo ndipo penye hadithi.

Kila betri ina maboma mawili yanayotazamana. Wataalamu huyaita elektrodi: moja chanya, moja hasi. Kati yake kuna kimiminika, na mifugo inayokivuka ni chembe ndogo mno zenye chaji, yaani ayoni. Ukichaji, umeme unaiswaga mifugo kutoka boma chanya hadi boma hasi. Ukitumia betri, mifugo inarudi yenyewe, bila fimbo. Kila mnyama ana mchungaji wake, elektroni, lakini mchungaji hawezi kuvuka kimiminika. Lazima azunguke kwa njia ya waya, na akiwa njiani ndipo anawasha taa na kuimbisha redio. Kazi yote ya betri ni safari hiyo, huko na huku, mara maelfu.

Lithiamu ni mbuzi. Sodiamu ni ng'ombe: ayoni yake ni pana kuliko ya lithiamu kwa karibu theluthi moja, na uzito wake unazidi mara tatu. Ukimwingiza ng'ombe katika boma la mbuzi, aidha hapiti mlangoni, au anapita na nguzo zinalegea kila aingiapo na kutoka. Kwa hiyo anayetaka betri ya sodiamu lazima ajenge maboma upya, yote mawili.

Tuanze na boma hasi. Katika betri za lithiamu hujengwa kwa grafiti, ileile iliyo ndani ya penseli. Grafiti ni tabaka juu ya tabaka za kaboni, na lithiamu hujipenyeza katikati. Sodiamu ikijaribu, karibu haiingii kabisa. Lakini msikimbilie kusema ni unene tu! Potasiamu ni nene kuliko sodiamu, na inaingia kwenye grafiti. Sababu ya ndani zaidi ni kwamba sodiamu na kaboni hazishikani kwa nguvu ya kutosha kulipia gharama ya kuzitenganisha tabaka zile. Mfano wa boma umetufikisha mlangoni. Kutoka hapo kuendelea inabidi kemia yenyewe iseme.

Mwaka 2000, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Dalhousie huko Kanada, D. A. Stevens na J. R. Dahn, walitoa matokeo yao. Walichukua glukosi, ambayo ni sukari, wakaichoma pasipo hewa mpaka ikabaki kaboni. Kaboni hiyo haikujipanga kama grafiti. Ilikuwa vipande vidogo vidogo vilivyoelekea kila upande, na kati yake mianya. Sodiamu ikapata pa kukaa. Gramu moja ya kaboni hiyo ilibeba karibu miliampia-saa 300, na kikomo cha grafiti kwa lithiamu ni 372. Pengo likawa dogo kiasi cha kuwatia watu moyo. Kaboni ya namna hiyo huitwa kaboni ngumu.

Tangu hapo kazi ni kuiboresha. Kwanza, malighafi: sasa hutengenezwa pia kwa vifuu vya nazi, mbao na mabaki ya mimea mingine. Pili, moto: kwa kawaida nyuzi 1,000 hadi 1,500 za Selsiasi. Moto ukipungua, oksijeni na hidrojeni hubaki ndani na kuisumbua sodiamu. Ukizidi mno, vipande vinaanza kujipanga kama grafiti, na tumerudi kwenye tabu ya kwanza. Makaa ya jiko la nyama choma hayafai, maana hayakuonja joto hilo na yamejaa majivu.

Tatu, mianya. Siku betri inapochajiwa mara ya kwanza, sehemu ya sodiamu hunasa juu ya kaboni na kuwa utando, na haitarudi tena. Uso wa kaboni ukiwa na matundu mengi yaliyo wazi, utando unakula sodiamu nyingi. Kwa hiyo fundi anataka mianya iwe ndani, iliyofungwa, na nje pawe laini. Wengine huipaka kaboni ngumu koti jembamba la kaboni nyingine.

Sasa boma chanya. Hapa mara nyingi hutumika oksidi zenye tabaka: unachanganya unga wa sodiamu kaboneti na oksidi za manganizi, chuma au nikeli, unauchoma kwa nyuzi zinazokaribia 900, na sodiamu inajipanga kati ya tabaka. Sodiamu ikitoka, tabaka zinateleza. Ikirudi, zinateleza tena, na mwisho chembe zinapasuka. Dawa mojawapo ni kuweka magnesi au titani kidogo mahali pa baadhi ya manganizi. Madini hayo hayatoi umeme, ila yanashikilia tabaka zisiyumbe.

Adui mwingine ni hewa yenye unyevu. Oksidi hizi zikiachwa wazi, sodiamu inachungulia nje, inakutana na maji na kaboni dioksidi, na kugeuka kuwa nini? Sodiamu kaboneti! Magadi yaleyale tuliyoanza nayo, sasa yakiwa ukoko unaoharibu elektrodi. Ndiyo maana viwanda hukausha hewa ya vyumba na kuzipaka chembe koti la alumina. Wengine wameziacha tabaka na kutumia kemikali iliyo ndugu wa rangi ya buluu iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Nafasi zake ni pana sana kwa sodiamu, ila maji hujificha humo na kuyatoa ni kazi.

Juhudi hizi zimezaa matunda. Julai 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri ya sodiamu yenye wati-saa 160 kwa kilo. Aprili 2025 ikatangaza nyingine ya 175. Betri nzuri za lithiamu za simu bado zinaipita. Lakini kwa betri isiyobebwa mfukoni, uzito si hoja. Hapa Kajiado kuna mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, yenye uwezo wa megawati 100, na upepo hauulizi kama watu wamelala. Umeme wa usiku wa manane unahitaji ghala, na ghala halitembei. Isitoshe, betri ya sodiamu hutumia karatasi ya alumini pande zote mbili, ilhali ya lithiamu inadai shaba upande hasi, na shaba ni ghali.

Mtaniuliza: tuna magadi, mbona hatuna betri? Kwa sababu sodiamu ndiyo sehemu rahisi. Magadi ya ziwani yana floraidi na chumvi ya kawaida, kwa hiyo lazima yasafishwe sana kwanza, na hata yakisafishwa, thamani iko kwenye elektrodi. Vifuu vya Kilifi, vumbi la mbao la Kitengela, maganda ya kahawa ya Kiambu: kila kimoja kikichomwa kinatoa mianya ya namna yake, na hakuna awezaye kukisia kwa macho kipi kitashinda. Inabidi kichomwe, kipimwe, kichajiwe mara mia, kisha mara elfu, huku kitu kimoja tu kikibadilishwa kila safari ili ijulikane kilichosaidia. Kazi hiyo inataka tanuri, mizani na mtu aliyesoma kemia bila kuiogopa. Magadi tunayo tayari. Mtu huyo ndiye tunayemtafuta.