Ladha, Koo na Hamu ya Sigara: Funzo la Karafuu ya Pemba

Karafuu nyingi za Zanzibar huchumwa Pemba, na kwa miaka mingi mteja wake mkubwa alikuwa Indonesia. Huko hukatwakatwa, zikachanganywa na tumbaku na kuwa kreteki, sigara ya karafuu. Sigara hiyo inatusaidia kuelewa suala linalowashughulisha wataalamu wa afya leo: ladha za sigara za kielektroniki zinafanya nini kwa hamu ya mtu mzima anayevuta?

Mpemba mwenye jino bovu anajua nusu ya jibu. Akiweka karafuu penye maumivu, eujenoli iliyomo humtia ganzi. Moshi wa tumbaku huwasha koo, na mwasho huo ni onyo la mwili. Karafuu hulizima onyo hilo, moshi ukapita kwa ulaini. Mentholi, ile ya mnanaa, hupitia njia nyingine: huamsha neva zinazohisi baridi, na mvutaji akaona anavuta kitu kisafi. Marekani ilipiga marufuku sigara za karafuu na za matunda mwaka 2009, lakini ikaiacha mentholi.

Hamu yenyewe ina mizizi miwili. Wa kwanza ni nikotini, ambayo hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuachilia dopamini, kemikali ya raha. Ikipungua mwilini, mtu hukosa utulivu na kukasirika upesi. Mzizi wa pili ni mazoea. Ubongo huifunga raha ile pamoja na kila kilichoambatana nayo: harufu, ladha, mwasho wa koo, mkono kwenda mdomoni, kahawa ya barazani. Ndiyo maana watafiti wakiwapa wavutaji sigara zilizoondolewa karibu nikotini yote, hamu hutulia kwa muda, kisha hurudi.

Ladha hugusa mzizi huu wa pili. Mvutaji anayezoea mvuke wa sigara ya kielektroniki wenye ladha ya embe au mnanaa anaweza kuanza kuiona ladha ya tumbaku kuwa chungu, na vichocheo vya zamani vikapungua nguvu. Lakini ladha tamu pia huongeza raha ya kila mvuto, na harufu yake hugeuka kichocheo kipya.

Mwaka 2019 matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha wavutaji 886 waliotaka kuacha yalichapishwa. Waliopewa sigara za kielektroniki walihimizwa kujichagulia ladha. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 kati yao walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliotumia bandiko, jojo na dawa nyingine za nikotini. Utafiti huo haukulinganisha ladha na ladha, hivyo mafanikio hayawezi kuhesabiwa kuwa ya ladha peke yake. Tena, kati ya walioacha kwa njia hiyo, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta mvuke. Moshi waliuacha, nikotini walibaki nayo.

Hatari kubwa zaidi iko kwa vijana. Ladha inayoweza kumsaidia mtu mzima kuhama sigara humvuta pia mtoto ambaye hajawahi kuvuta. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria ya mwaka 2015, na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipige marufuku ladha zake zote.

Tusidanganyike pia na harufu tuliyokulia nayo. Karafuu na mdalasini ni salama kwenye pilau, lakini tumbo na mapafu ni viungo tofauti. Kemikali inayoliwa bila madhara inaweza kuyachoma mapafu ikigeuzwa mvuke.

Kwa anayetaka kuacha, hamu moja kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Kunywa maji, ondoka pale wanapovuta wenzako, itafutie mikono kazi, na mwombe daktari ushauri kuhusu dawa za nikotini. Aliyehamia sigara ya kielektroniki asichanganye na ya moshi, kwa kuwa nafuu ya kweli huja moshi ukikoma kabisa. Kisha apange siku ya kuuacha na mvuke. Asiyevuta asianze, hata kama sigara yenyewe inanukia karafuu.