Ziara za shule Meru na Embu: Si lazima safari iwe ya mbali

KIKARATASI kilichokunjwa mara nne ndani ya daftari la mtoto huwatia wazazi wengi wa Meru na Embu tumbojoto kila msimu wa ziara za shule unapowadia. Kikaratasi hicho hueleza kwamba wanafunzi watazuru Nairobi au Mombasa, hutaja siku na saa ya kuondoka, na mwishoni hutaja pesa zinazohitajika. Mzazi aliye nazo hutia saini. Asiye nazo humwambia mwanawe asubiri mwaka ujao.

Siku ya safari, darasa hugawika mafungu mawili. Fungu moja hupanda basi kabla ya mapambazuko, likiwa na chapati na chupa za maji. Fungu la pili hubaki nyumbani, au huja shuleni kukaa katika darasa lisilo na mwalimu. Jumatatu inayofuata, aghalabu wote huagizwa kuandika insha moja kuhusu ziara hiyo. Mtoto aliyebaki hana la kuandika ila lile atakaloazima kwa mwenzake.

Je, ni lazima ziara ya shule ya msingi iwe ya mbali ndipo iwe na manufaa? Ukiutazama mtaala, sheria na hata ramani ya eneo hili la mashariki mwa Mlima Kenya, jibu ni la.

Mtaala wasemaje

Ziara ya masomo si zawadi wala si likizo. Ni somo linalofanyikia nje ya darasa, na kama masomo mengine yote, sharti liwe na mada, lengo na njia ya kupima iwapo mtoto ameelewa.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 ili kuchukua mahali pa mfumo wa 8-4-4, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa kuyachunguza mazingira yake. Katika somo la Maarifa ya Jamii, mwanafunzi wa Gredi ya Nne huanza na kaunti yake mwenyewe. Kenya kwa jumla huja katika Gredi ya Tano, na Afrika Mashariki katika Gredi ya Sita. Mpangilio huo una hekima yake: mtoto huanza na kilicho karibu, ndipo aende mbali.

Kumbe basi shule inayompeleka mwanafunzi wa Gredi ya Nne hadi Mombasa, umbali wa takriban kilomita 700 kutoka mji wa Meru, huwa imemrukisha hatua. Atauona ufuo wa bahari na Ngome ya Yesu, na hayo ni mema. Lakini atarudi pasi na kujua mto unaopita nyuma ya kwao unakotoka wala unakokwenda. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Safari ya maji ya Embu

Mfano mmoja ni mto Rupingazi, ambao hupita kando ya mji wa Embu. Mto huo huanzia katika miteremko ya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, na ambao mbuga yake iliorodheshwa na Unesco kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1997. Rupingazi huingia mto Thiba, nao Thiba humwaga maji yake katika bwawa la Kamburu, penye mto Tana. Kutoka hapo maji huteremka hadi Gitaru, kisha Kindaruma na hatimaye Kiambere.

Kwa maneno mengine, maji ambayo mtoto wa Embu huyaona chini ya daraja akienda shuleni huzungusha mitambo ya umeme katika vituo vinne kabla ya kushika njia ya kuelekea Bahari Hindi.

Kindaruma ndilo bwawa lililotangulia, mwaka wa 1968. Kamburu lilifuata mwaka wa 1974 na Gitaru mwaka wa 1978. Masinga, ambalo liko juu ya mengine yote na huyahifadhia maji ya kiangazi, lilikamilika mwaka wa 1981, na Kiambere mwaka wa 1988. Kituo cha Gitaru, chenye uwezo wa megawati 225, ndicho kikubwa zaidi nchini miongoni mwa vile vinavyotumia nguvu za maji. Mitambo ya Gitaru na ya Kamburu imo chini ya ardhi, jambo ambalo mtoto yeyote angependa kuliona iwapo wasimamizi watatoa idhini.

Ziara inayoyafuata maji haya inaweza kuanza asubuhi katika msitu wa Irangi, juu ya Kianjokoma. Basi huteremka kupitia mashamba ya majanichai, katika ukanda wa viwanda vya Mungania na Rukuriri, kisha mashamba ya kahawa ya Runyenjes, hadi nyanda kavu za Mbeere ambako wakulima hutegemea ndengu, mtama na muguka. Safari huishia katika Hifadhi ya Mwea, kando ya bwawa la Kamburu, wanakoishi viboko, mamba na ndege wa majini.

Kwa siku moja, tena bila kutoka nje ya kaunti, mtoto huwa ameona yale ambayo kitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi: jinsi mvua inavyopungua kadiri mtu anavyoteremka, jinsi mazao yanavyobadilika, na jinsi mkata miti wa juu anavyomnyima maji mkulima wa chini. Huenda pia akauliza lile ambalo wakazi wa Mbeere wamelalamikia kwa miaka mingi, yaani kuishi kando ya mabwawa ya umeme ilhali nyumba zao zina giza. Mtoto anayeuliza swali la namna hiyo ameelimika.

Hazina za Meru

Upande wa Meru nako hakuna uhaba. Kusini mwa mji, barabara ya kwenda Nkubu hukatiza mstari wa ikweta. Mwalimu anayetaka wanafunzi waelewe kwa nini vivuli hutoweka miguuni adhuhuri ya mwezi Machi au Septemba hahitaji chombo chochote ila kijiti kimoja cha kusimika ardhini.

Katikati ya mji huo lipo Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa kwa umma mwaka wa 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni. Humo mna vifaa vya jadi vya Ameru, boma lililojengwa kwa mtindo wa kale, na shamba dogo la mitishamba. Kaskazini-mashariki, huko Nchiru, yapo makao ya kihistoria ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa jamii hiyo. Somo la uongozi na utatuzi wa migogoro lingepata wapi darasa bora kuliko hilo, iwapo wazee wataridhia kuwapokea wanafunzi na kuwasimulia?

Takriban kilomita 80 kutoka mjini, kupitia Maua, lipo lango la Murera la Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Mbuga hiyo ya kilomita mraba 870 ilitangazwa rasmi mwaka wa 1966. Ndiko alikozikwa Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson na kisha kurejeshwa mwituni. Aliaga mwaka wa 1961, na habari zake zimesomwa kote duniani.

Lakini somo zito zaidi la mbuga hiyo si la Elsa. Mwaka wa 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa humo, katika kipindi ambacho ndovu na vifaru walikaribia kumalizwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulinzi uliimarishwa, wanyama wakaletwa kutoka kwingineko, na hifadhi maalumu ya vifaru ikaanzishwa. Mtoto wa Igembe au Tigania, ambaye huenda ndovu wamewahi kula mahindi ya babake, ana haki ya kusikia pande zote mbili za kisa hicho.

Hatari za barabarani

Ipo sababu nyingine ya kuchagua kilicho karibu, nayo ni uhai. Basi linalotoka Meru kwenda Nairobi kupitia Embu hupita daraja la Nithi, katika kaunti jirani ya Tharaka-Nithi, penye mteremko mkali na kona ambazo zimewaua wengi. Mnamo Julai 24, 2022, basi la abiria lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni hapo na watu zaidi ya 30 wakafariki.

Safari za shule hazijasalimika. Mnamo Agosti 2018, wanafunzi 10 wa shule moja ya msingi ya Mwingi, Kaunti ya Kitui, waliangamia basi lao lilipotumbukia mtoni. Walikuwa wakirejea nyumbani kutoka ziara ya Mombasa.

Marekebisho ya Sheria ya Trafiki yaliyotiwa saini mwaka wa 2017 yalitaka magari ya shule yapakwe rangi ya manjano na yawe na mikanda ya usalama inayowafaa watoto, na yakazuia safari za usiku wa manane. Wizara ya Elimu nayo imetoa maagizo makali zaidi mara kwa mara, ikitaka mabasi yawe yamefika kabla ya giza kuingia. Hata hivyo, ratiba ya kwenda mbali huwa na tamaa yake. Sehemu za kuzuru huwa tano, foleni huwa ndefu, na dereva hujikuta akifidia saa zilizopotea kwa kukanyaga mafuta. Ziara ya ndani ya kaunti humrudisha mtoto kwao jua likingali juu.

Kambi nazo je?

Kulala nje usiku mmoja au miwili humfunza mtoto mambo ambayo ziara ya mchana haiwezi: kupika pamoja, kugawana maji, kuzitambua nyota, na kuishi na mwenzake wa ukoo au dini tofauti. Chama cha Maskauti, kilichoanza nchini mwaka wa 1910, kimeshikilia desturi hiyo kwa zaidi ya karne. Mbuga ya Meru ina uwanja wa kambi wa Bwatherongi, ingawa kwa watoto wadogo uwanja wa shule yenyewe, wenye ua na vyoo, hutosha kabisa kwa kuanzia.

Jambo la lazima ni uangalizi. Wavulana na wasichana walale mbalimbali, walimu wa kike wawepo, orodha ya majina isomwe asubuhi na jioni, na namba za simu za wazazi wote ziwe mkononi pamoja na sanduku la huduma ya kwanza.

Kambi pia isigeuzwe kuwa masomo ya ziada kwa jina jingine. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 kinapiga marufuku masomo ya likizoni, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Asibaki hata mmoja

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtoto wa shule ya umma hawezi kufukuzwa shuleni kwa kukosa kulipa ada za ziada. Kiwango ambacho serikali imemtengea kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma kimekuwa Sh1,420 kwa mwaka, na humo humo mnatarajiwa kutoka vitabu na matumizi mengine ya shule. Ni wazi kwamba fedha hizo haziwezi kugharimia safari ya Pwani.

Safari ya karibu ni hesabu tofauti. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba basi la kukodi linagharimu Sh15,000 kwa siku na darasa lina wanafunzi 50. Kila mmoja atahitajika kuchanga Sh300. Kiasi hicho chaweza kukusanywa kidogo kidogo kwa muhula mzima, au kupatikana kwa kuuza mboga za shamba la shule, na pengo la wasiojiweza likazibwa na kamati ya wazazi bila kumtaja mtoto yeyote jina. Ziara ya kwenda mtoni kwa miguu haigharimu chochote.

Mwalimu naye ana kazi tatu. Kabla ya safari, azuru mahali hapo mwenyewe na awape wanafunzi maswali matatu au manne ya kutafutia majibu. Wakiwa huko, awaache watazame, wapime, wachore na wahoji, badala ya kukimbizwa kutoka mahali hadi mahali. Wakirudi, waeleze walichokiona mbele ya wenzao na wazazi.

Darasa likifanya hivyo, insha ya Jumatatu haitakuwa adhabu kwa mtu. Kila mtoto atakuwa na la kuandika, na kila mmoja ataandika alilojionea mwenyewe.