Mikono midogo? Usimnyime mtoto gitaa

MTOTO anashika gitaa kwa mara ya kwanza. Anajaribu kufikisha vidole kwenye nyuzi, havifiki. Mtu mzima aliye karibu anacheka na kusema, "Hii si kazi yako, mikono yako ni midogo mno." Gitaa linarudishwa ukutani, na pengine mwanamuziki amepotea papo hapo.

Mwandishi wa makala haya aliambiwa maneno kama hayo mjini Bungoma akiwa na umri wa miaka kumi. Hakuligusa gitaa tena mpaka alipofika chuoni. Huko ndiko alikotambua kuwa mara nyingi kasoro haiko mkononi, bali kwenye gitaa lenyewe.

Wazee wa Kibukusu wenye litungu hawana tatizo hili sana. Kila uzi wa litungu una sauti yake na mpigaji huudonoa tu. Gitaa ni tofauti: mkono wa kushoto lazima ugandamize nyuzi shingoni, na hapo ndipo urefu wa vidole unapohesabiwa.

Gitaa la mtu mzima huwa na nyuzi za urefu wa sentimita 65 hivi. Nafasi ya kwanza shingoni, kati ya chuma na chuma, ni kama sentimita 3.6. Kadiri unavyoelekea kwenye sanduku, nafasi hizo hupungua. Ukifunga kibanio kwenye chuma cha tatu, nafasi inayofuata ni sentimita 3 tu. Kwa hivyo, mtoto aanzie huko, kisha ashuke polepole.

Afadhali zaidi, mzazi anunue gitaa dogo la robo tatu, ambalo nyuzi zake ni za sentimita 58 hivi. Kabla ya kulipa, mwache mtoto alishike. Angalia pia kama nyuzi ziko juu sana kutoka shingoni, kwani hizo huumiza vidole vya yeyote, mkubwa kwa mdogo.

Mikono mikubwa nayo ina taabu zake. Mkulima wa Kitale mwenye vidole vinene ataona kila kidole kinagusa uzi wa jirani. Huyo na atafute gitaa la nyuzi za nailoni, ambalo shingo yake huwa na upana wa milimita 52 hivi. Lile la nyuzi za chuma huwa na 43 hivi.

Tusisahau mkono wa kulia. Marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, aliusifika Magharibi ya Kenya kwa mtindo wa omutibo, ambao hutegemea kidole gumba na cha shahada. Huko Ufaransa, Django Reinhardt aliungua katika moto mwaka wa 1928 na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikalemaa. Alijifunza upya kwa viwili vilivyobaki, akawa miongoni mwa wapigaji mashuhuri duniani.

Basi mzazi, mtoto akilalamika, mwambie aweke gumba nyuma ya shingo, alegeze kiganja na afanye mazoezi ya dakika 15 kila siku. Maumivu yakizidi, apumzike. Haba na haba hujaza kibaba. Vidole vitarefuka kwa wakati wake, lakini hamu ikishavunjwa ni vigumu kuirudisha.