Dembo Haliishii Palipoishia Nyasi

Kila kiangazi kikikaribia kwisha, wanunuzi wa viwanja hapa Lubumbashi huniletea swali lilelile: "Lupango langu liko mita ngapi kutoka kwenye dembo?" Lupango ni kiwanja, na dembo ni bonde la nyasi linalolowa maji majira ya mvua. Swali limekosewa tangu mwanzo, nami sitalijibu tena kana kwamba liko sawa.

Linatokana na maneno ya wauzaji: penye nyasi ni dembo, penye miti ni nchi kavu, basi piga kigingi katikati. Miti gani? Kuzunguka mji huu miombo imekatwa kwa makaa na kwa kuchomea matofali, na moto wa kila mwaka hauachi machipukizi yainuke. Ukingo wa miti unaouona leo ni kazi ya shoka na moto. Maji hayakuuweka hapo.

Tena maji ya dembo hayapandi kutoka mtoni peke yake. Mvua ya Novemba hadi Machi huzama kwenye udongo mwekundu wa mteremko, hushuka polepole chini kwa chini, kisha hutokeza pale mteremko unapolala. Yaani pembezoni! Mara nyingi ukingo hulowa mapema kuliko katikati, na mvua ikikatika bado unachuruzika. Aliyenunua "nje kidogo ya dembo" huenda amenunua chemchemi. Kumwaga vifusi hakuizibi: maji yanayokuja kwa chini na kwa ubavu yatatafuta ukuta wako, au wa jirani.

Wapo watakaonitajia vilima vya shaba, ambako msitu hukatika ghafla na kuiachia nafasi mimea kama Haumaniastrum katangense. Kweli, mpaka ule ni mkali. Lakini shaba haihami kwa majira, maji yanahama. Mpaka wa dembo ni ukanda, pengine wa makumi ya mita, na unasomwa ardhini. Wekundu wa udongo wa juu ya mteremko hugeuka umanjano kadiri unavyoshuka, kisha kijivu chenye madoa ya kutu. Kijivu huja udongo ukikaa majini muda mrefu: chuma hukosa hewa, huyeyuka na kuhama. Hewa ikirudi, kinaganda kuwa madoa. Muuzaji anaweza kufyeka nyasi zote mwezi wa Agosti, madoa yatabaki.

Basi chimba shimo la mita moja na nusu kabla hujalipa. Madoa yakianza kabla ya nusu mita, usijenge, lima mboga. Yakianzia kwenye mita moja, inua msingi na usichimbe choo cha shimo. Jenga tangi lisilovuja. Muulize jirani maji ya kisima chake hufika wapi mwezi wa Machi. Rudi kukitazama kiwanja Februari, kwa miguu. Muuzaji akikukatalia kuchimba, usimpe hata malipo ya kwanza.