Jinsi kuhesabu seli za jicho kunavyofichua mapema upofu wa kurithi

Mgonjwa aweza kuzisoma herufi zote za ubao wa daktari ilhali jicho lake limekwisha kupoteza karibu nusu ya seli zinazomwezesha kuzisoma. Hayo yalidhihirika katika utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Marekani mwaka wa 2013 kuhusu maradhi ya kurithi ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Seli hizo huitwa koni, kutokana na umbo lake. Ndizo zinazotambua rangi na vitu vidogo mchana. Kila jicho lina takriban milioni 6, na zimesongamana zaidi katikati ya retina. Hapo, koni moja ina upana wa maikromita mbili au tatu hivi. Unywele wa binadamu unaishinda mara 20 na zaidi.

Katika ugonjwa wa retinitisi pigmentosa, kasoro ya jeni huangamiza kwanza seli za kuonea gizani, kisha koni hufuata. Maangamizi hayo huchukua miaka mingi.

Mbona basi daktari asizitazame koni moja kwa moja? Kizuizi ni jicho lenyewe. Konea na lenzi, hata za mtu mwenye afya, zina kasoro ndogondogo zinazopotosha mwanga na kuivuruga picha.

Ufumbuzi ulitoka kwa watazamaji nyota, ambao kwa muda mrefu walisumbuliwa na hewa inayofanya nyota zimetemete. Mnamo 1953, Mmarekani Horace Babcock alipendekeza kioo kinachobadili umbo ili kusahihisha upotofu huo. Mwaka wa 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliitumia mbinu hiyo kupiga picha za koni za mtu aliye hai.

Mtambo hupima jinsi mwanga unaorudi kutoka kwenye retina ulivyopotoka, kisha uso wa kioo huinuliwa na kushushwa hapa na pale hadi picha itulie. Koni huonekana kama nukta zinazong'aa, zimepangana mithili ya punje za mahindi kwenye gunzi. Huhesabiwa, na nafasi kati yake hupimwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mahali pale pale hupigwa picha tena.

Kwa wanaojaribu tiba, hili ni jambo kubwa. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya jeni kwa ugonjwa wa retina mnamo Desemba 2017, na nyingine zingali zinajaribiwa. Ubao wa herufi pekee huenda usionyeshe tofauti yoyote katika muda mfupi wa majaribio.

Hata hivyo, nafasi nyeusi pichani si lazima iwe kaburi la koni. Mbinu iliyoelezwa mwaka wa 2014, inayonasa mwanga uliotawanyika kando, ilionyesha kuwa baadhi ya koni zisizong'aa zingali zipo. Kwa watu waliozaliwa bila uwezo wa kuona rangi, tofauti hiyo ni nzito: jeni haiwezi kuifaa seli iliyokwisha kufa.

Kazi yenyewe si rahisi. Kila picha hufunika eneo dogo mno, mgonjwa hutakiwa kukaza macho pahali pamoja, na wasioona rangi macho yao mara nyingi hutikisika. Wenye retinitisi pigmentosa nao hupatwa sana na mtoto wa jicho, ambaye huiziba picha. Isitoshe, mitambo hii ingali zaidi katika maabara za utafiti kuliko kwenye kliniki za kawaida.