Redio Iliyonyamaza: Kuitafuta Hitilafu Katika Njia ya Umeme

Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni mbili nchini Tanzania walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio ili kujifunza kinga ya maradhi katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Redio nyingi za zama hizo zilitumia betri. Nyingine, hasa mijini, zilichomekwa katika umeme. Hizi za pili bado huonekana katika stoo za shule na nyumba, zimefunikwa vumbi jekundu la nyanda za kati.

Redio ya namna hiyo ikichomekwa tena baada ya miaka mingi, aghalabu hutokea moja kati ya mambo matatu: hunyamaza kabisa, huvuma bila kukoma, ama hukata fyuzi. Fundi asiye na subira hubadili fyuzi; ikikatika tena, huweka waya mnene mahali pake. Hapo ndipo hatari inapoanza. Joto katika waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Fyuzi ikizuiwa kukatika, transfoma ndiyo itakayoungua, na pengine nyumba pia. Fyuzi iliyokatika haina kosa. Imeleta habari, na habari hiyo yafaa kusomwa.

Njia ya umeme ndani ya redio

Umeme uingiao katika redio ni mkondo geu wa volti 230, unaobadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Sehemu za redio zahitaji mkondo mnyofu wa volti chache. Safari hiyo ina vituo vitatu.

Cha kwanza ni transfoma, ipunguzayo volti 230 kuwa, tuseme, 12. Kazi yake ni ile ile ya transfoma kubwa zinazoshusha umeme wa njia ya volti 220,000 kutoka Iringa hadi Dodoma. Cha pili ni dayodi nne, ambazo kila moja hupitisha mkondo upande mmoja tu. Cha tatu ni kapasita.

Mwanafunzi wa Dodoma hatapata taabu kuielewa kapasita akikumbuka lambo. Mvua za nyanda za kati hunyesha kwa miezi michache, kati ya Desemba na Aprili. Lambo hujaa wakati huo, kisha watu na mifugo huyatumia maji yake wakati wote wa kiangazi. Kapasita nayo hujaa kila wimbi la umeme linapofika kileleni, kisha huilisha redio mpaka wimbi lifuatalo. Kilele cha volti 12 za mkondo geu ni kama volti 17. Dayodi mbili zinazopitisha kwa zamu huchukua volti 1.4, hivyo kapasita hupata volti 15 na nusu hivi.

Lambo likijaa tope, maji huisha kabla ya mvua. Kapasita za aina hii zina kimiminika ndani, nacho hukauka kadiri miaka inavyopita. Joto huharakisha jambo hilo: kwa kukadiria, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Stoo yenye paa la bati bila dari si mahali pema pa kuiweka.

Hesabu yathibitisha. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 ikilisha redio inayotumia ampia 0.1, kwa muda wa sekunde 0.01 kati ya mawimbi, volti hushuka kwa 1 tu. Ikibakiwa na robo ya uwezo wake, hushuka kwa karibu volti 4. Mtikisiko huo ndio mvumo unaosikika katika spika.

Kutafuta kwa mpango

Asiyejua hubadili kila kitu. Ajuaye hupima katikati ya njia kwanza. Voltimita ya mkondo mnyofu huwekwa kwenye ncha za kapasita. Zikisomeka volti 15 hivi, transfoma na dayodi zinafanya kazi, na ubovu uko mbele. Ikisomeka sifuri, ubovu uko nyuma: waya, swichi, fyuzi, transfoma au dayodi. Kwa kipimo kimoja, nusu ya kazi imekwisha.

Sikio nalo ni chombo cha kupimia. Dayodi zote zikiwa nzima, kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde, na mvumo wake huwa wa hezi 100. Dayodi moja ikikatika, hujazwa mara 50 tu, na mvumo hushuka kwa oktavo moja, ukawa mzito zaidi. Dayodi ikipitisha mkondo pande zote mbili, yaani ikiwa na shoti, ndiyo hukata fyuzi. Ili kuipima kwa omita, redio huchomolewa na mguu mmoja wa dayodi hufunguliwa, kwani sehemu za jirani huweza kudanganya kipimo.

Redio iliyolala muda mrefu huwashwa mara ya kwanza kupitia taa ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa nayo kwa mfuatano. Kukiwa na shoti, taa huwaka kwa nguvu, lakini mkondo hauwezi kuzidi ampia 0.26.

Tahadhari

Kipimo chochote upande wa volti 230 ni kazi ya mwalimu au fundi mwenye ujuzi, wala si ya mwanafunzi. Redio za vali huhifadhi volti 250 na zaidi katika kapasita hata baada ya kuchomolewa. Hazina budi kutolewa chaji kupitia rezista, kisha zipimwe tena. Baadhi ya redio za kale hazina transfoma kabisa, na bati lake la ndani huungana moja kwa moja na waya za umeme. Hizo ziachwe.

Wanafunzi waweza kufanya jaribio kwa chanzo cha maabara cha volti 12 za mkondo geu, dayodi nne na kapasita mbili zisizolingana, wakiandika daftarini walichotarajia kabla ya kupima. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo itakayowaonyesha mahali pa kutazama.