Nyumba za Kisasa na Joto la Tanga

Baba yangu anajenga nyumba hapa Tanga, nami, kwa kuwa napenda mno mambo ya kupanga na kupamba vyumba, nimepewa ruhusa ya kutoa maoni, ingawa si lazima yafuatwe. Tangu likizo iliyopita nimesema mengi. Wenzangu bwenini wameniomba niyaandike, yamkini ili nisiwachoshe tena kwa maneno.

Jambo la kwanza nisilolipenda ni dari za siku hizi za jasi. Jasi ni jiwe laini linalochimbwa hata kwetu Tanzania, huko Makanya wilayani Same, na katika kemia twafundishwa kwamba ni kalsiamu salfeti iliyoshikamana na maji. Fundi hodari aweza kuikata umbo lo lote. Basi kosa si la jasi. Kosa ni desturi ya kuishusha dari ngazi mbili au tatu, kila ngazi na taa zake za rangi, mpaka mtu mrefu akinyosha mkono aigusa. Hewa ya moto hupanda juu. Dari ikiwa juu, joto nalo hukaa mbali na vichwa vyetu. Tukiishusha dari, twashusha na hilo joto. Tena jasi haivumilii maji: bati likivuja masika moja tu, dari hufanya madoa ya kahawia, hulegea, na mwisho huanguka.

Lakini linaloniudhi zaidi ni dirisha la alumini la kusukuma. Lina vioo viwili, kimoja hupita mbele ya mwenzake. Tufanye hesabu kidogo. Dirisha lenye upana wa sentimita 150 na kimo cha sentimita 120 lina eneo la sentimita za mraba 18,000. Ulifungue utakavyo, hewa haipati zaidi ya 9,000, maana kioo cha pili hakina pa kwenda. Luva za zamani, ambazo twazicheka kuwa ni za ofisini, hufunguka karibu zote, na mvua ikija waweza kuzilaza bila kuzifunga kabisa. Halafu juu ya hilo nusu dirisha hutundikwa pazia zito la safu mbili, na chumbani huwekwa feni. Siku umeme ukikatika, watu wote hutoka nje.

Bibi yangu, mama yake baba, alikaa miaka mingi katika nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mlango wa mbele na wa uani ilitazamana; ukiifungua yote miwili, upepo ulipita moja kwa moja kama mgeni mwenye haraka. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Mwaka jana alihamia kwetu, katika nyumba tunayopanga, yenye taili zing'aazo kama kioo. Miezi miwili baadaye aliteleza akitoka kuoga, akavunjika mkono. Mkono umepona, lakini hapiti sebuleni ila ameshika ukuta, na mchana kutwa hukaa kwenye mkeka kibarazani. Taili huoshwa upesi, nakiri. Lakini ziko zenye uso wa kukwaruza, zisizoteleza. Twaziacha kwa kuwa hazing'ai.

Juu ya karatasi za ukutani sitasema sana. Nimeona kwa macho yangu ukuta wa matofali ya kweli uliopigwa plasta, ukapakwa rangi, kisha ukabandikwa karatasi yenye picha ya matofali.

Msomaji asidhani nachukia mapambo. Nyumba kuu za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zina mapambo kupita sebule yo yote niliyoiona: zidaka safu juu ya safu, zilizofanyizwa kwa plasta ya chokaa. Lakini vyumba vyake ni vyembamba, kiasi cha mita 3 au pungufu, kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali zaidi ya hapo. Kuta nene za matumbawe huchelewesha joto, na ua wa ndani huleta mwanga na hewa. Jua, mvua na mti uliopatikana vilifikiriwa kwanza, mapambo yakafuata.

Nilipomweleza baba haya alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, wageni wakiona luva watasema fedha zimeniishia." Ni kweli watasema hivyo, nimewasikia wakisema juu ya wengine.

Tumepatana nusu. Chumba cha bibi kitakuwa na luva pande mbili na sakafu ya saruji nyekundu, na mlango wake utaelekea uani. Sebuleni fundi amekwisha kupiga ngazi ya pili ya jasi, na juzi alimwuliza baba kama ataka taa za samawati au za zambarau.